Kopo lilibaki na vidonge 19

Mtu yeyote aliyewahi kukaa upande wa ndani wa dirisha la dawa pale CTC, kliniki ya watu wenye virusi vya UKIMWI, anaujua huu mchezo. Mgonjwa anatoa kopo lake kwenye pochi, limeviringishwa kwenye kanga au limevalishwa soksi ili lisipige kelele, unavimwaga vidonge kwenye trei, unachukua kile kijiko bapa unaanza kuvisogeza vitano vitano, na yeye amesimama pale anauangalia mkono wako kama mtoto anayesubiri matokeo ya kidato cha nne. Hakuna anayeongea. Ukimaliza unaandika asilimia kwenye kadi, na hiyo asilimia ndo inaamua leo atasemeshwa vizuri au atapelekwa chumba cha ushauri.

Mi nimefanya hiyo kazi miaka kadhaa kwenye kituo kimoja huku mkoani, sikuwa dokta wala nesi, nilikuwa mtu wa data ambaye siku watumishi wakipungua anavutwa dirishani. Kuna siku, na hii ni baada ya ile dawa mpya ya TLD, ARV tatu ndani ya kidonge kimoja, kuingia mwaka 2019, walikuja wawili wamefuatana. Wote walikuwa wamepewa kopo la vidonge 90, wote walikuwa na vinne vya akiba toka mara ya nyuma, kwahiyo kila mmoja aliondoka na 94, na wote walirudi siku ya 84. Hesabu ya darasa la tatu hiyo, siku 84 ni vidonge 84, vinatakiwa vibaki 10. Wa kwanza kijana wa bodaboda, kopo lake lilikuwa na 10 kamili, hakizidi hakipungui. Wa pili mama wa makamo hivi, lake lilikuwa na 19. Ina maana kameza 75 kati ya 84, asilimia 89. Kijana akasifiwa mbele ya watu. Mama akaambiwa na nesi, "Mama wewe, umri huo kweli tukufundishe kumeza dawa?" Akainama tu. Kadi ikaandikwa ufuasi hafifu.

Wote siku hiyo walitolewa damu ya kupima wingi wa virusi. Majibu yalivyorudi, virusi vya yule mama havionekani kabisa. Kijana wa 10 kamili alikuwa na nakala zaidi ya elfu arobaini kwa mililita.

Sasa ndo nauliza, tulipokuwa tunahesabu vile vidonge tulikuwa tunahesabu nini?

Kwanza hii habari ya kwamba mgonjwa lazima ameze angalau asilimia 95 ya dawa zake, maana watu wengi hata wahudumu wanaitaja kama vile imeshuka na mvua. Ilitoka kwenye utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000, wa kina Paterson, watu 81 tu, wamepewa makopo yenye kifuniko cha chipu kinachorekodi kila kikifunguliwa. Waliokuwa wanameza asilimia 95 kwenda juu, asilimia 22 tu ndo dawa ziligoma. Wa kati ya 80 na 95, wakagoma 61 katika kila mia. Chini ya 80, wakagoma 80. Ni matokeo ya kutisha na yalistahili kutisha, ila angalia hao watu walikuwa wanameza nini, dawa za kizazi cha kwanza za kuzuia protease, kimeng'enya cha virusi, zile za kumeza rundo mara mbili mara tatu kwa siku, nyingine tumbo liwe tupu, nyingine ushibe kwanza, na ukiteleza kidogo tu kiwango kwenye damu kinaporomoka. Dawa ya leo ni kidonge kimoja kwa siku na dolutegravir iliyomo ndani ina uvumilivu ambao zile hazikuwa nao. Lakini ile namba ikabaki. Imehamia kwenye fomu, kwenye kadi, kwenye mabango ukutani. Kwa mtu anayemeza kidonge kimoja kwa siku kwa mwezi, 95 maana yake anaruhusiwa kukosa siku moja, akikosa mbili ni 28 kwa 30, asilimia 93, tayari ni mkosaji.

Alafu kuna kuchanganya 95 na 95. Yale malengo ya UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, ya 95-95-95 ni kitu kingine kabisa, pale tunahesabu watu, wangapi wanajua hali zao, wangapi kati yao wako kwenye dawa, wangapi kati ya hao virusi vimefubaa. Nimeshakaa kwenye kikao mtu mzima na suti yake anasema "wagonjwa wetu wafikishe ufuasi wa 95 ili tufikie 95 ya tatu", na watu wanatikisa vichwa kwamba sawa sawa. Mi mwenyewe nilitikisa.

Kwenye huo huo utafiti wa 2000 kuna kitu ambacho hakikupata bahati ya kuwekwa kwenye mabango. Waliwauliza madaktari na manesi wabashiri, huyu mgonjwa wako anameza vizuri au hamezi. Madaktari walikosea kwa asilimia 41 ya wagonjwa. Manesi 30. Yaani dokta aliyesomea miaka yote hiyo anamwangalia mtu usoni anasema huyu mwaminifu huyu, na karibu nusu ya mara kachemsha. Hiki ndo kinatakiwa kibandikwe ukutani, upande wa ndani wa dirisha.

Na sisi Waafrika tulishabashiriwa kwa jumla jumla. Mwaka 2001 aliyekuwa mkuu wa USAID, shirika la misaada la Marekani, Andrew Natsios, alijenga hoja kwamba ARV kwa Afrika zingekuwa shida kwa sababu watu wengi huku hawajui saa, wanajua asubuhi, mchana, jioni na giza la usiku, sasa utamwambiaje ameze saa fulani. Mtu anayesema hivi hajawahi kukaa na Mswahili anayeanza kuhesabu saa jua likichomoza na kila siku anabadilisha kichwani saa nne ya kwetu na saa kumi ya simu bila hata kufikiria. Nusu ya wagonjwa niliowaandika mimi walikuwa wanameza saa mbili usiku, ukiwauliza kwa nini wanakwambia taarifa ya habari. Ile muziki ya kufungulia taarifa ikipiga tu, mkono unaenda kwenye kopo. Kuna babu alikuwa analalamika umeme ukikatika anasahau dawa, kumbe bila redio ya jirani hana kengele.

Miaka mitano baadaye, 2006, ikatoka makala kwenye jarida la JAMA, kina Mills wamekusanya tafiti za pande mbili, Amerika Kaskazini na Afrika kusini mwa Sahara. Waliokuwa wanameza inavyotakiwa huko kwao ni asilimia 55, huku kwetu 77. Tulishangilia sana hiyo, bado watu wanaitaja. Na mi naipenda, ila nikivaa kofia yangu ya mtu wa data nakuta tafiti nyingi kati ya hizo, za pande zote mbili, zilitegemea mgonjwa kuulizwa na kujibu mwenyewe. Sio kwamba ni uongo. Ila unaulizwa na nani, umesimama wapi, na ukijibu vibaya nini kinakupata, hayo yote yamo ndani ya ile 77.

Hapa ndo penyewe sasa. Kuna utafiti mwingine uliotoka 2009 kwenye PLoS Medicine, walifanya mahojiano marefu Jos kule Nigeria, Dar es Salaam na Mbarara kule Uganda, wanataka kujua hawa watu maskini hivi, nauli hawana, chakula cha kubahatisha, wanawezaje kumeza dawa vizuri hivyo. Jibu walilopata kwa kifupi ni deni. Dada kakukopesha nauli, mama mkwe kakuuguza ulipokuwa huwezi kugeuka kitandani, nesi kakutafuta mpaka nyumbani, sasa usipomeza umewaangusha wote, na kesho ukiugua tena utamwangalia nani usoni. Mtu anameza ili asiharibu watu wake.

Nikisoma vile naona kabisa ni kweli, nawajua hao watu. Ila endelea nalo hilo wazo hatua moja mbele. Kama nameza kwa sababu siwezi kukuangusha wewe dada nesi, siku nikishindwa kumeza nitakwambia? Ndo nitakuficha wewe kuliko wote! Kile kile kinachomfanya mtu ameze ndo kinamfanya amwage vidonge vya ziada chooni asubuhi ya kliniki. Kijana wa bodaboda alikuja kuniambia baadaye sana, tukiwa tumekaa tu kijiweni, kwamba alihesabu usiku ule kwa tochi ya simu, vikawa 40 na kitu, akabakisha 10 vingine akavitupa shimoni. Alihesabu vizuri kuliko mimi. Nilipomuuliza kwa nini hakusema akaniambia yule nesi ndo alimpokea siku amekuja hoi anabebwa, "sasa braza naanzaje kumwambia."

Tusidhani hii ni tabia ya mtaani kwetu tu. Kwenye utafiti wa kinga ulioitwa FEM-PrEP, wanawake wasio na maambukizi waliopewa kidonge cha kila siku Kenya, Afrika Kusini na Tanzania, asilimia 95 walisema wanameza mara zote au karibu zote. Damu ikapimwa, chini ya asilimia 40 ndo ilionekana wamemeza siku za karibuni. Utafiti ukasimamishwa 2011 maana ilishaonekana hautaweza kuonyesha kama kidonge kinakinga. VOICE nayo, utafiti mwingine wa kinga, zaidi ya wanawake 5,000 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, vidonge vilivyorudishwa vilionyesha zaidi ya asilimia 85 vimetumika, maabara ikakuta dawa kwenye chini ya theluthi moja ya sampo. Hapo kulikuwa na wataalamu waliobobea na bajeti ya maana. Wanawake wengine walikuja kueleza kwamba wakionekana na kopo la ARV nyumbani, nani ataamini ni la kinga? Lakini pale kliniki kila mwezi wanacheka na watu wanaowahudumia vizuri, wanarudisha kopo tupu, mambo safi.

Kwahiyo wazungu wakageukia mitambo. Kifuniko cha chipu kilishakuwepo, kikaja na kiboksi chenye laini ya simu, ukikifungua tu taarifa inaruka mpaka kwenye kompyuta ya mtafiti hapo hapo. Mbarara wametumia, Moshi kule Kilimanjaro watafiti wametumia. Ni teknolojia nzuri, ila inajua kopo limefunguliwa, haijui kilichoingia mdomoni. Mtu anafungua anatoa vya siku nne anaviweka kwenye karatasi kwa sababu anasafiri, mashine inasema siku tatu hakumeza. Mwingine anafungua kila siku kumuonyesha mjomba. Halafu mtu unayejificha hata kopo, unamkabidhi kiboksi chenye taa inayowaka, jamani.

Vipimo vya mwilini ndo havidanganyiki kirahisi, lakini kila kimoja kina urefu wake wa kumbukumbu. Mkojo unaweza kuonyesha tenofovir, moja ya dawa zilizomo kwenye TLD, ya siku chache zilizopita, kwahiyo mtu aliyekumbuka kumeza jumatatu na jumanne kwa sababu jumatano ni kliniki anapita bila shida. Tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi linaenda nyuma wiki kadhaa. Unywele unaota kama sentimita moja kwa mwezi na dawa inajiandika humo, kama pete za mti, sema nenda kamwambie mtu huku kwetu kwamba unaomba nywele zake kidogo ukapime. Utaniambia.

Tukabaki na kipimo cha wingi wa virusi, ambacho WHO walikipendekeza kiwe ndo kipimo kikuu cha kufuatilia dawa toka 2013, na kwa kweli kimetuokoa. Nikikumbuka 2011, wakati wa kikombe cha Babu kule Samunge Loliondo, dawa ya mitishamba iliyodaiwa kuponya, mia tano kikombe, foleni ya magari inalala porini, wapo watu waliorudi wakaziweka ARV pembeni kabisa kwa sababu wamepona. Kliniki nyingi hazikuwa na hiki kipimo kama kazi ya kila siku. Tulikuwa tunangoja CD4, zile seli za kinga, zishuke au mtu aanze kukohoa. Leo kwenye utafiti wa kitaifa wa 2022-2023, kati ya watu wazima walioko kwenye dawa Tanzania, asilimia 94.3 virusi vimefubaa. Hiyo imepimwa kwenye damu, hakuna aliyeulizwa maswali dirishani. Mtu anayesema Watanzania wenye ngoma hawamezi dawa aanzie hapo kwanza.

Ila na hiki tusikifanye hakimu wa kila kitu. Kikiwa juu ya nakala 1,000 tunarukia kusema huyu hamezi, anapangiwa vikao vitatu vya ushauri. Wakati mwingine anameza vizuri tu. Mgonjwa wa TB aliye kwenye rifampicin anatakiwa dolutegravir mara mbili kwa siku, akipewa mara moja kosa ni letu. Mjamzito tunampa vidonge vya damu, madini ya chuma yale, akivimeza pamoja na TLD bila chakula chuma kinaing'ang'ania dawa tumboni na haiingii mwilini vizuri, na hesabu yake ya vidonge ni mia kwa mia. Nani alimwambia aachanishe masaa? Na kuna usugu, yaani virusi kuizoea dawa mpaka isivikamate tena, ripoti ya WHO ya 2024 ilionyesha nchi kadhaa zilikuta usugu wa dolutegravir kati ya asilimia 3.9 na 8.6 kwa watu ambao virusi vilikuwa juu wakiwa kwenye hiyo dawa. Huyo hata ukimshauri vikao ishirini.

Upande wa pili, kikiwa chini hakikwambii amekosa siku ngapi, na kwa aliyetulia kinapimwa mara moja kwa mwaka. Mwaka mzima huo! Ndani ya mwaka mtu anaachika, anahama, anafukuzwa kazi, anaanza pombe na kuacha. Unakuja kupima unakuta namba, na hiyo namba inakwambia moto umewaka, haikwambii uliwaka lini wala nani aliacha jiko.

Kipimo ambacho naona tunakidharau ni cha bure kabisa, tarehe ya kuchukua dawa. Umepewa za siku 90, umerudi siku ya 97, hakuna uchawi, kuna siku saba hukuwa na kitu cha kumeza, labda uwe na akiba au umeazima kwa mtu. Hakuna wa kumuuliza, hakuna kumwaga vidonge, kipo kwenye daftari tayari. Sema nacho kina visa vyake. Mvuvi wa Kanda ya Ziwa anahama na samaki, mchimbaji anafuata mlipuko wa dhahabu, wanachukua dawa kituo kingine bila barua ya uhamisho, huku kwetu tunamwandika mtoro huku kwingine anajiandikisha mpya. Watoro wangapi wa kwenye ripoti zangu walikuwa wanameza vizuri kilometa mia tatu kutoka hapo, sijui, na ilibidi nijue maana ripoti nilikuwa naandika mimi. Halafu hizi dawa za miezi sita, ambazo ni jambo zuri na nitagombana na yeyote anayetaka kuzirudisha ziwe za mwezi, zimefanya hiki kipimo kionekane mara mbili tu kwa mwaka. Nauli imepungua, foleni imepungua, macho yetu nayo yamepungua. Huwezi kuwa navyo vyote.

Kwa watoto sisemi sana. Dawa ya maji ilikuwa tunanyanyua chupa kwenye mwanga wa dirisha tunakadiria, na bibi anakwambia iliyomwagika ni ile aliyotema. Na wanafunzi wa bweni ni makala yake.

Turudi kwenye kuuliza, maana mwisho wa siku lazima kuuliza. Kenya walifanya kitu kikachapishwa mwaka 2010 kwenye jarida la Lancet ambacho mi naona ni cha akili kuliko viboksi vyote. Walichofanya ni kutuma meseji moja kwa wiki, neno moja, "Mambo?" Basi. Haisemi dawa, haisemi kliniki, mume akishika simu anaona mtu kasalimia. Mgonjwa anajibu ndani ya masaa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Akisema shida, au akinyamaza, nesi anapiga simu. Watu 538 waligawanywa makundi mawili, waliotumiwa meseji asilimia 57 virusi vilifubaa, wasiotumiwa 48. Tofauti sio ya kupindua dunia lakini kwa gharama ya meseji, we acha.

Na kuna wengine huko huko Kenya, Chulaimbo, utafiti wao ulitoka 2011, hawa walijaribu meseji za kukumbusha za kila siku na za kila wiki, wakapima kwa kifuniko cha chipu. Za kila wiki zilisaidia, waliofikisha asilimia 90 walikuwa 53 katika mia dhidi ya 40 kwa wasiopata kitu. Za kila siku hazikusaidia chochote. Mi sishangai. Anayekusalimia mara moja kwa wiki ni ndugu, anayekupigia kila siku kuuliza umemeza umemeza ni mdai.

Kinachonivutia kwenye ile "Mambo?" ni kwamba "Shida" ilikuwa jibu halali. Sio kosa, ni jibu, limewekwa pale toka mwanzo kwa usawa na Sawa. Kwenye dirisha letu jibu halali lilikuwa moja tu. Tena swali lenyewe tulikuwa tunaliuliza hivi, "dawa umemeza zote eeh?" na kalamu tayari iko kwenye kisanduku cha ndiyo.

Kama ningepewa mimi nipange, anayehesabu asiwe ndo anayegomba, basi. Muelimishaji rika, yule ambaye naye anakula njugu, yaani ARV, miaka kumi na tano anajua kichefuchefu chake, yeye ndo aulize, na atakachoambiwa kisitumike kumshusha mtu alama. Wengi wa hao walikuwa wanalipwa posho na miradi ya Wamarekani, na Januari 2025 misaada iliposimamishwa ghafla, kwenye vituo vingi hao ndo walikuwa wa kwanza kuambiwa wakae nyumbani. Mashine za kupimia virusi zilibaki. Nani anapiga simu kwa mtu aliyechelewa siku saba, hapo ndo penye pengo.

Yule mama wa vidonge 19, nilikuja kukaa naye kwenye benchi miezi mitatu baadaye akisubiri kuitwa. Nikamsalimia, marahaba mwanangu, tukaongea habari za mvua, nikamwambia mama majibu yako ni mazuri sana, virusi havionekani, sasa vile vidonge tisa vilizidi vipi? Hakufikiria hata sekunde. "Ilikuwa msiba wa kaka yangu, Singida. Siku tisa. Tulilala wanawake kumi na wawili chumba kimoja, na lile kopo ukiligusa tu linalia. Nikaliacha nyumbani." Akanionyesha siku hizi anafanyaje, ametoa vidonge vichache akavifunga kwenye pindo la kanga, kila kimoja na kipande chake cha karatasi ya sigara.

Nikarudi ofisini nikafungua kadi yake, kuna sehemu ya sababu ya ufuasi hafifu ilikuwa bado haijajazwa na wakaguzi wa mradi walikuwa wanakuja kesho yake. Inajazwa kwa namba kutoka kwenye orodha. Nikaisoma orodha juu mpaka chini natafuta msiba. Hakuna. "Nyingine" inataka uandike maelezo, na kadi za kurekebisha zilikuwa zimefika magotini. Nikaweka namba ya "amesahau."